Fundi Aliyejifunza Kunyamaza

Fundi wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, hakuweza kuacha salamu ipite bure. Ungepita mbele ya baraza yake una haraka, umtupie shikamoo huku umeshageuza shingo, na marahaba yake ingekufuata hadi kwenye kona. Nyuma ya marahaba ingekuja habari za nyumbani, na nyuma yake mama anaendeleaje na ule mguu, na hapo ungelazimika kurudi. Watu waliokuwa wanawahi treni walipita mtaa wa nyuma. Nilikaa nyumba ya pili kutoka kwake kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, huwa naanza na hiyo marahaba. Joka namweka baadaye, ingawa najua ndiye anayesubiriwa.

Jina lake silitaji. Familia imeniomba hivyo, chama chake pia, na sioni hasara yoyote, maana pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Mafundi cherehani walikuwa wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja nani.

Kwa msomaji ambaye si wa huku, nieleze kidogo habari za majoka, taratibu, kwa sababu picha zinazochorwa na watu wa mbali zinapotosha. Joka wa miombo si nyoka. Ana miguu minne, magamba yenye rangi ya gome la mti, na mbawa za ngozi kama za popo, ambazo akizifungua zinafunika ua mzima wa nyumba. Hatemi moto. Anachotoa ni pumzi yenye joto kali, kama ile inayokupiga usoni ukifungua bani la kukaushia tumbaku, na hata harufu yake iko karibu na hiyo. Anakula nguruwe pori mara moja kwa wiki kadhaa, na masega ya asali kila akiyapata, ndiyo maana warina asali wa Sikonge wanamjua vizuri kuliko sisi wa mjini. Na anaishi muda mrefu mno. Joka wa Fundi alikuwa amebeba watu wanne kabla yake, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja hadi uzeeni.

Wanaowapanda wana chama chao, na ni cha siri. Lakini siri hiyo inahitaji kuelezwa vizuri. Nani ni nani, tulijua. Kilichofichwa ni namna: wanawaitaje, wanawaweka wapi, wanawaambia nini. Hayo hayaulizwi. Mtoto wa Ng'ambo alifundishwa kutouliza habari za joka kama alivyofundishwa kutofungua barua ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kuuliza ndiyo kazi yangu, lakini kwa Fundi sikuuliza hata mara moja. Sikujua kwamba kutouliza kwangu kulikuwa kunahesabiwa.

Yeye mwenyewe alificha kazi yake kwa njia ambayo haikumdanganya mtu yeyote. Kila akiitwa na chama alisema amekwenda Urambo kwenye msiba. Namkumbuka muuza kahawa wa mtaani kwetu akiwa amesimama barazani, mikono kiunoni.

"Fundi, suruali yangu."

"Nilikuwa Urambo, ndugu yangu. Msiba."

"Msiba tena? Mwezi uliopita si ulizika Urambo?"

"Huyu ni mwingine."

"Fundi, hao jamaa zako wataisha. Atabaki stesheni masta peke yake."

"Stesheni masta naye anaumwa," akasema Fundi, akautia uzi mdomoni kuulowesha.

Muuza kahawa akacheka hadi akakaa chini, na suruali haikupatikana hadi wiki iliyofuata. Wakati huohuo tulikuwa tumesikia kwamba barabara ya ndani huko kusini ya Sikonge imekatika kwa mvua, na kwamba nesi wa zahanati moja amefungua mlango asubuhi akakuta boksi la dawa ya kuumwa na nyoka kizingitini, kavu kabisa, na hakuna alama ya tairi kwenye tope. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili kwa sauti. Kumshukuru mpandaji ni kumvunjia siri yake, kwa hiyo watu walimshukuru Fundi kwa kuleta suruali nyingine hata kama ile ya kwanza haijaisha.

Alikuwa mwoga. Nalisema kwa upendo. Mtu aliyekuwa akipita juu ya misitu kuanzia Tabora hadi karibu na Malagarasi alikataa kabisa kupanda bodaboda, na bati lake la jikoni lilipotoboka, alimwita kijana wa jirani alipande, yeye akishikilia ngazi kwa mikono miwili na kufumba macho. Nilimtania: "Fundi, ngazi yenyewe fupi hivi!" Akanijibu bila kufumbua macho, "Ngazi haina habari na wewe, mwalimu. Ukianguka itabaki imesimama tu." Ndipo nilipoelewa, bila kuuliza, kwamba kule juu alikuwa na mwenzake.

Ushonaji wake ulikuwa mzuri na mpana. Sare zote za shule alizishona kubwa kwa vidole viwili, akisema mtoto atakua, na tabia hiyo aliihamishia kwa watu wazima pia. Nina gauni lake hadi leo, na bado nasubiri kukua. Aliswali msikitini swala zote alizowahi. Aliyemchagua kumrithi alikuwa dada wa Kimoraviani kutoka Sikonge, mrina asali kama baba yake, mama wa watoto wawili, na baadhi ya watu walipomnong'oneza Fundi kwamba haifai, alisema kwamba joka hajawahi kumuuliza mtu yeyote anasali wapi, anauliza tu kama umemletea sega.

Mkewe hakuwahi kumwona joka huyo kwa macho. Chama hakiruhusu. Miaka yote hiyo alimpikia mumewe maandazi ya safari, akamfulia shuka zenye harufu ya tumbaku, na hakuwahi kuonyeshwa mahali joka alipokaa. Alilibeba jambo hilo kwa mzaha. "Mke mwenza wangu ana mkia," alikuwa akituambia wanawake wenzake, nasi tulicheka, lakini nilimwona siku nyingine akitazama upande wa msitu na mkono juu ya macho, hacheki.

Kuhusu misafara ya zamani ya pembe na watumwa, Fundi hakuwa kama wazee wengine wa mji wetu ambao wakianza hawaishi. Ukiacha hiyo, hakuna habari aliyoionea uvivu. Historia ya chama inajulikana: wapandaji wa kwanza walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, waliochoka kufika kisimani na kukuta vumbi. Wakaanza kutanguliwa na wenzao walio juu ya majoka, wanaoangalia maji yako wapi na kurudi kusema. Watu hulisimulia hili kwa fahari. Siku moja, kijana mmoja mgeni alikuwa analisimulia barazani kwa fahari hiyo, na Fundi akasimamisha cherehani.

"Maji tuliwaonyesha wote," akasema. "Aliyefunga na aliyefungwa. Kutoka juu walionekana mstari mmoja."

Yule kijana akasema, "Si mngewanyima?"

"Wazee wetu walifikiria. Lakini ukiwanyima maji, wa kwanza kufa si yule mwenye bunduki." Akakanyaga cherehani, akasimama tena. "Kwa hiyo walionyesha. Na mstari ukaendelea kwenda. Hilo huwa halisimuliwi."

Hakuongeza neno hadi jioni. Ilikuwa mara chache sana kumwona amenyamaza kwa hiari yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba msomaji awe nami hatua kwa hatua, maana bila kuielewa desturi hii hutaelewa kilichotokea.

Joka haendeshwi kwa hatamu. Anafuata sauti ya mtu mmoja. Mpandaji akizeeka, anapaswa kuikabidhi nafasi hiyo kwa mwingine, na hilo linawezekana katika siku chache tu za mwaka, mvua zikikaribia, joka akiwa amejivua gamba. Ngozi mpya ya masikio huwa laini, na ndipo anaweza kupokea sauti mpya. Mpandaji mpya anamsalimia, na yule wa zamani lazima awe amesimama hapohapo, maana joka asipomwona huondoka kwenda kumtafuta. Joka akiitikia kwa pumzi, imekwisha, ana mwenzake mpya. Lakini kuanzia asubuhi hiyo yule wa zamani asisikike tena na joka huyo maisha yake yote. Akisikika hata neno moja, joka atarudi kwake na kumsahau mwingine. Na mpandaji akifa kabla ya kukabidhi, joka anabaki bila mtu. Huko upande wa Urambo ilitokea hivyo: mpandaji alikufa kwa homa ya ghafla, na joka wake akalala chini ya miti. Wakamletea nguruwe, wakamletea asali, akageuza uso. Walikaa naye hadi akaisha.

Fundi alipofikisha miaka sabini na moja, daktari alimwambia moyo wake umechoka, apunguze kazi, asibebe hata ndoo. Basi muda wa kukabidhi ukawa umefika wenyewe.

Kwenye kukabidhi lazima awepo shahidi mmoja asiye wa chama, ili baadaye wenyewe kwa wenyewe wasibishane. Anachaguliwa jirani ambaye hajawahi kuuliza. Fundi alikuja kwangu jioni moja, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kusema. "Mwalimu, miaka yote hii hukuniuliza kitu. Sasa nitakuambia kila kitu." Na kweli aliniambia kila kitu, pamoja na mambo ambayo chama kisingependa niyajue, kwa sababu akianza kusema alikuwa hana breki. Hapa naandika yale tu yaliyoruhusiwa.

Tulikwenda kwa basi hadi Sikonge, kisha mimi nikapakiwa kwenye baiskeli na Fundi, aliyeogopa hata baiskeli, akatembea kwa miguu, akipumzika kila baada ya muda. Ilikuwa asubuhi, nyasi kavu, nyuki wanasikika kwenye mizinga juu ya miti. Wapandaji sita walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama mstari, watu wa kawaida kabisa, mmoja wao nilishawahi kununua kwake nyanya. Mbele yao palikuwa na kichuguu kikubwa. Niliendelea kukitazama kama kichuguu hadi kilipovuta pumzi.

Sitajaribu kumweleza sana. Alikuwa mzee, na alikuwa ametulia kama ng'ombe aliyeshiba. Dada wa Sikonge, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimlisha masega bila kutoa sauti, akasogea mbele, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

Joka akamtazama. Kisha akashusha pumzi, ndefu, nyasi zote zikalala upande mmoja, na sote tukasikia joto lake miguuni. Amepokea. Niliona mabega ya wapandaji yakilegea. Mzee wa chama akafuta uso. Kilichobaki ni yule dada kupita mbele ya mstari hadi ubavu wa kushoto wa joka, apande.

Akapita. Alikuwa binti aliyelelewa. Mbele yake wamesimama wazee wamepangana, na kichwa chake kilikuwa kimejaa furaha. Akamsalimia wa kwanza, akaitikiwa. Akamsalimia wa pili. Haikuwa na neno, sauti zao hazimhusu joka huyu. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Fundi, na yule dada alikuwa ameonywa asimsalimie mara nyingi kuliko siku za mwezi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu, pole na..."

Akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameshaanza hata swali la pili.

Joka akageuza shingo. Akanyanyuka, akawapita watu wote bila kuwaona, akaja akaweka kidevu chake kwenye bega la Fundi, na Fundi akayumba kwa uzito huo. Uso wake sikuweza kuusoma vizuri. Alikuwa analia, na ilikuwa kama mtu aliyepokelewa stesheni.

Yule dada akakaa chini kwenye nyasi. "Nimekuua, baba," akasema.

"Umenisalimu," akasema Fundi, sasa hakuna tena la kuficha. "Ningekuwa baba gani nisiitikie?"

Mzee wa chama akatazama juu kwenye matawi, akasema, "Basi. Mwakani." Hakuna aliyesema kile ambacho sote tulikuwa tunakipigia hesabu, kama moyo ule utafika mwakani.

Wiki moja baada ya kurudi, mkewe alikuja shuleni kunifuata.

"Mwalimu, wewe si ndiye unayewafundisha darasa la kwanza kunyamaza?"

"Najaribu."

"Basi nina mmoja wa miaka sabini na moja."

Ndivyo tulivyoanza. Kila asubuhi nikienda kazini nilipita barazani, nikamsalimia, na kazi yake ilikuwa kutoitikia. Ni rahisi kuandika. Asubuhi ya kwanza aliitikia kabla sijamaliza neno. Ya pili alinyamaza, kisha akanikimbilia hadi dukani kuniomba radhi, akaniuliza habari za nyumbani. Alijaribu kuuma pini midomoni, nikamkumbusha kwamba chama hakiruhusu kufunga mdomo kwa kitu chochote, joka anaona. Majirani nao wakaanza kununa. Nilikuwepo siku muuza kahawa alipopita.

"Shikamoo, Fundi!"

Kimya. Cherehani inakwenda.

"Fundi! Ehee, siku hizi umekuwa mkubwa? Umenunua gari?"

Mkewe akapiga kelele kutoka ndani, "Ana vidonda vya koo!"

"Koo gani? Si nimemsikia sasa hivi anamsema paka?"

Fundi alikuwa anatetemeka mabega yote, macho kwenye kitambaa, na mshono ulikuwa umekwenda kombo hadi ukingoni. Lakini hakuitikia. Nilimpigia makofi, kimoyomoyo. Jioni nikamwambia, "Leo umefaulu." Akasema, "Nimemkosea mtu, mwalimu. Unasema nimefaulu?"

Hapo ndipo nilipoona shida iko wapi. Sikuwa na mwanafunzi mwenye mdomo mwepesi, nilikuwa na mtu anayeamini kwamba salamu isiyojibiwa ni mlango uliofungwa usoni mwa mgeni. Na kumfundisha mtu kufanya kile anachokiona ni kibaya haiwezekani, hata kwa mtoto wa miaka sita. Nikawaza siku kadhaa. Kisha nikamwambia, "Fundi, usiache kuitikia. Itikia ndani. Sema yote, marahaba, habari za nyumbani, mguu wa mama, yote."

"Nani atajua nimeitikia?"

"Mimi nitajua."

Akaweka kitambaa chini. "Basi nisalimie."

"Shikamoo, Fundi."

Hakutoa sauti. Macho yake yakatulia juu yangu, na nawaambieni, niliulizwa habari za watu wote wa nyumbani kwangu, mmoja mmoja.

Kuanzia hapo tuliendelea vizuri. Si kila siku. Zilikuwepo siku za kurudi nyuma, na mara mbili mwaka ule alilazwa, na mkewe alikuwa akikaa kando ya kitanda akimhesabia miezi kwa vidole. Yule dada wa Sikonge aliendelea kumlisha joka bila neno, na mara moja moja alikuja mjini na chupa ya asali. Alikaa na Fundi barazani, wote wawili wamenyamaza, wanafanya mazoezi. Ilikuwa baraza ya ajabu kwa mtaa wetu.

Mwaka ukafika. Safari hii Fundi alibebwa kwenye baiskeli, tukimshikilia pande mbili. Mahali palepale, mstari uleule. Joka alikuwa amejivua gamba siku mbili kabla, na rangi yake ilikuwa changa.

Sote tulimhofia yule dada. Tulikosea. Yeye alisimama kama nguzo, midomo imekaza. Ni joka ambaye hakungoja. Kabla hajasalimiwa, alinyanyuka akaja moja kwa moja kwa Fundi, akainamisha kichwa mbele ya uso wake, na akatoa sauti ya chini, kama gari moshi likiwa mbali na wewe umekaa karibu na reli. Fundi alikuwa ameniambia habari za sauti ile. Ilikuwa salamu. Kwa miaka arobaini alikuwa ameiitikia kila alfajiri.

Joka akangoja. Akatoa sauti tena.  Jasho lilimtoka Fundi, mkono wake ukashika upande wa kifua, na mzee wa chama akanyanyua mguu kutaka kumfuata, akauweka chini. Kivuli cha mti kilikuwa kwenye viatu vyangu tulipoanza, na kilinihama kabisa. Fundi alikuwa akimtazama joka, na macho yale niliyajua. Alikuwa anamwambia yote.

Mwishowe joka akashusha pumzi, akageuka. Dada wa Sikonge akapiga goti. "Shikamoo, Bibi." Nyasi zikalala. Hakumsalimia mtu mwingine yeyote, akapita mbele yetu kama hana adabu hata kidogo, machozi yanamtiririka, akapanda. Upepo wa mbawa ulituvua kofia. Wakaenda magharibi.

Fundi hakusema kitu njia nzima. Alisema nyumbani kwa mama yake yule dada, milango imefungwa, na neno lake la kwanza lilikuwa kuomba maji.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa baada ya mvua za mwaka ule. Cherehani ilikuwa imehamishiwa chumba cha ndani, madirisha yamefungwa, maana nje hakutamka neno tena, joka huweza kupita juu ya mawingu wakati wowote bila kuonekana, na masikio yake ni makali. Ndani aliongea kama zamani, ingawa alikata pumzi katikati ya maneno. Alinieleza habari za watu wa mtaa mzima ambao hawakuwa wamemtembelea, na jinsi alivyowaitikia wote wakipita. Nilipoaga, akasisitiza kunisindikiza. Mkewe akakataa, akashindwa. Tukatoka uani polepole, yeye kimya, mkono wake umeshika wangu.

Ndipo kivuli kikapita juu ya mabati. Walikuwa chini sana, chini kuliko walivyopaswa. Joka akazunguka mara moja juu ya ua ule, na yule dada mgongoni akajitahidi kumwelekeza njia yake. Mkewe Fundi alikuwa ametoka mlangoni na ufagio, akasimama, akatazama juu mdomo wazi. Miaka arobaini na kitu. Ile sauti ya chini ikashuka hadi kwetu, ikatikisa sufuria zilizoanikwa kichanjani.

Vidole vya Fundi vilinibana hadi nikaumia. Alinyanyua uso, akafumba midomo, akabaki hivyo. Joka akamaliza mzunguko wake, akanyoosha shingo, akafuata sauti ya dada kuelekea Urambo.

Tulirudi ndani, tukimshikilia pande zote mbili, mkewe akafunga mlango kwa komeo. Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Mmemwona?" akasema.

"Tumemwona," akasema mkewe.

"Amenenepa," akasema Fundi. "Mbavu hazionekani kabisa. Anakula."